Thomas Odhiambo: Mzaliwa wa Mombasa aliyemsoma nzige kutoka ndani

Wiki hii tuziache siasa za kaunti zipumzike kidogo. Nataka tumkumbuke marehemu mmoja ambaye wanasayansi wa dunia nzima wanamjua, lakini ukimtaja hapa Pwani watu wanakutazama tu. Naye ni Profesa Thomas Risley Odhiambo, bingwa wa elimu ya wadudu. Alizaliwa hapa hapa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, akafariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003. Kwa asili ni Mjaluo, lakini mji uliompokea duniani ni huu wetu, na sioni vibaya tukidai fungu letu.

Kinachonifanya nimkumbuke ni nzige, na hasa wale walioivamia Garissa na Kaskazini Mashariki nzima miaka michache iliyopita.

Wengi mnakumbuka. Mwisho wa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yalivuka kutoka upande wa Somalia na Ethiopia yakaingia Mandera. Januari 2020 haijesha, walikuwa wameshafika Wajir, Garissa, Isiolo, Marsabit na Samburu. Kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki mwa nchi lilikuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina hesabu yake: kilomita moja ya mraba inaweza kubeba nzige milioni 80, na kwa siku moja wanakula chakula cha kuwatosha watu 35,000. Zidisha mwenyewe uone. Kenya ilikuwa haijaona uvamizi wa kiasi kile kwa miaka 70. Baadaye wengine waliteremka mpaka Tana River na Taita Taveta, kwa hivyo msiba haukuwa wa jirani peke yake.

Watu walipiga madebe, wakapuliza filimbi, wakawasha moto ili moshi uwafukuze. Ndege zikaja kumwaga dawa. Hatimaye nzige wakaondoka, na mazungumzo juu yao yakaondoka nao. Hiyo ndiyo desturi yetu. Adui akiwa mlangoni tunapiga kelele, akishaondoka hatuulizi alikuwa nani.

Mwaka ule nilipita Garissa kwa shughuli za mifugo, fani niliyosomea diploma yangu. Pale soko la mifugo, mzee mmoja Msomali aliyekuja kuuza mbuzi zake aliniuliza swali zito. Alisema mdudu huyu anamjua tangu utotoni. Huwa mmoja mmoja, rangi ya mchanga, mwenye haya, ukimkaribia anaruka kando. Kisha hupita miaka, siku moja mdudu yule yule anageuka jeshi, anabadilika rangi, hamuogopi mtu wala moto. Je, wasomi wanajua ni kitu gani kinachomgeuza? Mzee yule hakuwahi kukaa darasani, lakini swali lake ndilo hasa wanalouliza watu wa maabara: ndani ya mwili wa kiumbe hai kuna nini kinachosukuma nini? Odhiambo aliyatolea ujana wake maswali ya namna ile.

Alisoma Maseno, shule iliyotoa wakubwa wengi wa nchi hii, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda Makerere, Kampala. Wakati ule mtoto wa Kenya, wa Uganda au wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikuwa na mlango huo mmoja. Alipomaliza, akafanya kazi katika Idara ya Kilimo ya Uganda akichunguza wadudu wa mashambani. Alieleza kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi aina nyingi za wadudu wafyonzao mimea, ambao wakulima walikuwa wakiwaona kila siku lakini hakuna aliyewaandika. Mwaka 1959 alichapisha pia uchunguzi wa mdudu mmoja mwindaji ambaye dume lake husimama ulinzi juu ya mayai, kama baba anayelala mlangoni. Haya ni mambo ya mtu mwenye macho na subira. Hukai juani kutwa nzima kumtazama mdudu akilinda mayai kama huna hamu ya kweli ya kujua.

Lakini macho peke yake yana mpaka. Unaweza kumuona mdudu akikua, akibadilika, akitaga, na usijue ni nani ndani yake anayetoa amri. Ndipo mwaka 1959 Odhiambo akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Alikaa huko mpaka mwaka 1965, akarudi na shahada ya uzamivu katika fiziolojia ya wadudu. Fiziolojia ni elimu ya namna mwili unavyofanya kazi: damu inakwendaje, mafuta yanatumikaje, tezi gani inaamrisha nini.

Mwalimu wake kule alikuwa Vincent Wigglesworth, ambaye wengi humwita baba wa elimu hiyo kwa upande wa wadudu. Wigglesworth alipata sifa kwa kumchunguza mdudu mmoja mnyonya damu wa Amerika Kusini, jamaa wa kunguni. Aligundua kwamba ukimkata kichwa mdudu huyo mara tu baada ya kushiba damu, hafi, anaishi miezi mingi, ila hajivui gamba na hakui. Ukimkata siku kadhaa baadaye, anajivua gamba kama kawaida, japo hana kichwa. Kisha akawaunganisha wadudu wawili, yule aliyekatwa mapema na yule aliyekatwa baadaye, damu ya mmoja ikaingia kwa mwenziwe. Wote wawili wakajivua gamba. Maana yake kuna kitu kinachotoka kichwani, kinasafiri katika damu, kinauambia mwili ukue. Kitu hicho ndicho tunachokiita homoni.

Njia hii si ngumu kuielewa. Fundi wa stima akiingia nyumba asiyoijua, atajuaje fyuzi ipi inawasha taa ya sebuleni? Anaing'oa moja, anatazama kipi kimezimika, anairudisha, anatazama kama kimewaka tena. Kikizimika na kikawaka, ameshapata jibu. Mwanasayansi wa mwili anafanya vivyo hivyo. Anatoa kitu kimoja, anaangalia nini kimepotea, kisha anakirudisha aone kama kilichopotea kimerudi. Na ili asijidanganye, anachukua wengine anawapasua vile vile bila kuwatoa kitu, ajue kwamba mabadiliko hayakuletwa na jeraha la kisu.

Odhiambo aliichukua njia hiyo akaielekeza kwa nzige wa jangwani, yule yule wa Garissa. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna vijitezi viwili vidogo mno, ambavyo huwezi kuvishika bila darubini na mkono usiotetemeka. Odhiambo alifanya kazi kwa nzige dume. Dume aliyeondolewa vijitezi hivyo alionekana mzima, anakula, lakini alipungukiwa na mwendo, mafuta yakarundikana mwilini bila kutumika, na upevu wake ukakwama. Alipopandikiziwa tezi ya nzige mwingine, uchangamfu ukarejea. Taarifa za kazi hiyo alizichapisha katikati ya miaka ya 1960, na zilisomwa na watafiti wa nchi nyingi, kwa sababu zilionyesha kwamba kijitezi kisichofikia ukubwa wa kichwa cha pini kinashika usukani wa mambo matatu makubwa: mafuta, mwendo na uzazi.

Hapo ndipo utamu wa elimu hii ulipo. Watafiti wengine wa wakati huo walikuwa wameonyesha kwamba nzige dume aliyepevuka hugeuka rangi ya manjano, kisha hutoa harufu inayowaharakisha vijana nao wapevuke. Harufu hiyo pia inategemea vijitezi vile vile. Basi fikiria. Kijitezi ndani ya mwili wa mmoja kinazaa harufu, harufu inaingia kwa mwenziwe, mwenziwe anapevuka, na mamilioni wanajikuta wanazaa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mfugaji anaona tunutu wakifunika ardhi kwa siku moja kana kwamba walipigiwa tarumbeta. Tarumbeta imo mwilini mwao.

Baada ya tezi ilikuja zamu ya molekuli, yaani chembe ya dawa yenyewe inayotoka katika tezi. Mwaka 1967 wanakemia walitambua umbile la homoni ya vijitezi hivi. Homoni hiyo ina kazi mbili: kwa mtoto inamzuia asikue kabla ya wakati, kwa mkubwa inamhimiza azae. Mwaka 1976 ikajulikana homoni nyingine ya nzige, inayofungua ghala la mafuta anapokuwa angani. Hii ndiyo inayomwezesha kuruka mpaka kilomita 150 kwa siku. Mafuta ndiyo petroli yake, na homoni ndiyo inayofungua bomba.

Na swali la yule mzee wa sokoni? Mtu wa kwanza kulijibu nusu alikuwa Boris Uvarov, mwaka 1921, aliposema kwamba panzi wa upweke na nzige wa kundi ni mdudu mmoja mwenye sura mbili. Nusu ya pili ilichukua karibu miaka 90. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge, Oxford na Sydney walionyesha kwamba wadudu wapweke wakibanwa mahali pamoja, wakawa wanagusana miguu ya nyuma, au wakaonana na kunusana, kemikali iitwayo serotonini inapanda katika mishipa yao ya fahamu, na kwa muda wa saa mbili tu tabia yao inabadilika, wanaanza kutafutana. Serotonini hiyo hiyo imo katika ubongo wa binadamu.

Sasa unganisha na ardhi. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilimwaga mvua katika jangwa kubwa la kusini mwa Arabuni ambako hakuna mtu wa kutazama. Majani yakaota, panzi wakazaana. Majani yalipokauka wakabanana katika vipande vichache vilivyobaki, wakagusana, wakageuka. Kutoka huko wakaja Yemen, kutoka Yemen wakavuka kuja Somalia, na kutoka Somalia kuja kwetu. Sisi Waislamu tunamjua nzige katika kisa cha Firauni, na tunajua kuwa ni halali kuliwa bila kuchinjwa. Kumjua mwili wake ni kuzidi kuona uwezo wa Aliyemuumba.

Turudi kwa Odhiambo. Alipomaliza Cambridge angeweza kubaki huko, akapata maabara nzuri na mshahara mnono, kama wengi walivyofanya na wanavyofanya hadi leo. Alirudi Nairobi kufundisha chuo kikuu, na baadaye akawa profesa wa elimu ya wadudu. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani liitwalo Science, akieleza sayansi gani inaifaa Afrika Mashariki. Kwa ufupi, alikataa fikra kwamba nchi maskini zitosheke na kuazima majibu ya wenzao. Aliona kwamba wadudu wa nchi za joto wako kwetu, wanatula sisi, wanatuuma sisi, kwa hivyo sisi ndio wenye haki na wajibu wa kuwajua kuliko yeyote. Akataka kijengwe kituo cha kiwango cha juu kabisa hapa hapa.

Mwaka 1970 kituo hicho kikazaliwa. Jina lake ni Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake, ICIPE. Kilianza kwa unyonge, kikiwa mgeni katika eneo la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi. Odhiambo alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza, akakiongoza mpaka mwaka 1994. Leo makao makuu yako Kasarani, mahali paitwapo Duduville, na kituo chake cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kimepewa jina lake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mtu anaweza kuuliza: mkulima wa Msambweni au mfugaji wa Garissa ananufaika nini na tezi ya mdudu? Jibu liko mashambani mwetu. Miaka mingi mahindi ya Pwani yalikuwa yakiliwa na funza mmoja anayetoboa bua, mgeni aliyetoka Asia. Mwaka 1993, Odhiambo bado akiwa mkurugenzi, watafiti wa kituo walileta nyigu mdogo mno kutoka Pakistan wakamwachilia hapa Pwani. Nyigu huyo anaingia ndani ya bua, anamchoma funza na kutaga mayai mwilini mwake. Funza angeweza kuyaua mayai hayo, kwa sababu damu yake ina askari kama yetu. Lakini nyigu anapotaga humwingizia pia virusi maalumu vinavyowalaza askari hao usingizi. Mayai yanaanguliwa, funza anakwisha. Hii ni vita ya kemikali inayopiganwa ndani ya bua la mhindi, na hakuna mkulima aliyenunua dawa. Bila mtu kusoma mwili wa funza na mwili wa nyigu, nani angelijua hilo?

Kwa nzige nako kulikuwa na mavuno. Katika miaka ya 1990 wanakemia wa kituo, wakiongozwa na Profesa Ahmed Hassanali, walitambua kemikali kuu katika harufu ya nzige dume waliopevuka. Walipowanusisha tunutu harufu hiyo ya wakubwa, mpango wao ukavurugika. Badala ya kwenda kwa safu walitawanyika, wakapoteza hamu ya kula, wengine wakaanza kulana. Majaribio ya uwanjani yalifanywa Sudan. Tunutu waliochanganyikiwa namna hiyo wanahitaji dawa kidogo sana kuwamaliza, na dawa kidogo maana yake ni kwamba nyuki, ndege, ngamia na kisima cha maji vinapata salama. Mfugaji wa Garissa aliyeona ndege ikimwaga sumu juu ya malisho ya mifugo yake anaelewa uzito wa jambo hili.

Heshima alizipata akiwa hai. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waliounda Chuo cha Sayansi cha Afrika, jumuiya ya wanasayansi bingwa wa bara hili yenye makao Nairobi, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi wa kumaliza njaa, akishirikiana na Abdou Diouf, aliyekuwa Rais wa Senegal. Mtazame vizuri: mtu wa wadudu na mkuu wa nchi wamesimama jukwaa moja kwa tuzo moja. Waliotoa tuzo ile walielewa kwamba anayeijua tezi ya nzige analinda sahani ya watu sawasawa na anayetia saini bajeti.

Sasa nije kwenye kinachonikera, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Januari 2020, mwezi ule ule nzige walipokuwa wakitanda juu ya Garissa, kulitokea jambo jingine katika kaunti hiyo. Tarehe 13 magaidi waliivamia Kamuthe na kuwaua walimu watatu. Baada ya hapo Tume ya Walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Sithubutu kumlaumu mwalimu aliyeondoka. Roho haina duka. Lakini tazama kilichobaki nyuma: madarasa bila mwalimu wa hesabu, bila mwalimu wa bayolojia, bila wa kemia, huku nje ya dirisha kundi kubwa la nzige kuliko yote ya miaka 70 likipita. Somo lilikuja lenyewe mpaka mlangoni, mwalimu wa kulifundisha hayupo.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa vijana wale, nani ajuaye ni yupi angekuja kuwa Odhiambo wa kesho? Chuo kilifunguliwa tena, na wanaofundisha na kusoma pale leo wanastahili heshima yetu sote.

Neno langu ni hili. Odhiambo alidai kwamba elimu ya viumbe vinavyotutesa imilikiwe na watu wanaoteswa navyo. Dai hilo liliifikia Nairobi, likafika Mbita, likagusa mahindi yetu ya Pwani. Bado halijafika Garissa kama inavyostahili. Mfugaji wa kule anajua majani, anajua upepo, anajua mdudu yupi hutokea baada ya mvua ipi. Ana maswali tayari. Anachokosa ni mtoto wake aliyesoma ayapeleke maswali hayo maabara na kurudi na majibu kwa lugha ya nyumbani.

Hilo linawezekana. Kaunti za Kaskazini Mashariki, pamoja na zetu za Tana River na Lamu, zinatoa pesa za basari kila mwaka. Zitenge fungu maalumu kwa vijana wenyeji, wa kiume na wa kike, wanaotaka kuwa walimu wa sayansi, kwa sharti warudi kufundisha kwao. Mwalimu mwenyeji hahamishwi kwa kuwa si mwenyeji. Vyuo vikuu vya Garissa na Pwani, kile cha Kilifi, viko karibu kuliko Nairobi na Cambridge. Vifanye kazi pamoja juu ya wadudu wa nchi hii kavu, kwa maana mdudu hatambui mpaka wa kaunti. Na vijana waliofunzwa kuwatambua tunutu mwaka 2020 wasiachwe wakasahau. Nzige hushindwa wakiwa bado hawana mabawa, akisharuka tumechelewa.

Mvua zitanyesha tena Arabuni, majani yataota, na panzi mpweke ataguswa mguu na mwenziwe. Hilo halina shaka. Kitakachotofautisha safari ijayo na ile ya 2020 ni kama kutakuwa na mtoto wa Garissa katika maabara anayemjua adui huyo kutoka ndani.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awalinde walimu wao popote walipo. Amin.